Aliyenyamaza Kwenye Mlango wa Jiko

Singapuri, 6 Februari 2023

Mjomba wangu Jalinus,

Kuwapo, kwa maana nitakayoitumia katika barua hii, ni kuwa mahali ambapo wenzako wanaweza kukuita kwa jina nawe ukalazimika kuitika. Angalia kwamba sikutaja mwili. Aliyesinzia katikati ya mkutano ana mwili pale, lakini hayupo. Aliye nyuma ya pazia, anayesikia na kujibu, yupo ingawa haonekani. Naomba uishike maana hii, kwa sababu ombi langu lote limesimama juu yake.

Sasa salamu, ambazo najua zilistahili kutangulia. Assalaamu alaykum. Mimi ni mzima, na kazi inakwenda. Nakushukuru kwa namna ulivyosimamia mazishi ya Mama na arobaini yake. Kuhusu sababu zilizonizuia kufika, nitaeleza wakati mwingine.

Hendrizal, anayekuwa masikio yako, ameniambia kwamba baada ya Idi, walio ugenini wakisharudi, ukoo utakaa shura kushauriana juu ya nyumba kuu aliyoishi Mama. Mimi ndiye binti pekee aliyebaki katika mstari wa Mama, na kwa kuwa kwetu nyumba hurithiwa na mabinti, bila neno langu muafaka hautimii. Siwezi kuja. Badala yangu nimetuma mashine. Katika taasisi yetu tunachunguza jinsi watu walio mbali wanavyofanya kazi bega kwa bega na walio ofisini, na roboti hizi ndizo nyenzo yetu: magurudumu mawili, shingo ndefu ya chuma, na juu yake kioo utakamouona uso wangu. Nikiwa hapa mezani naiendesha. Inatembea, inageuka, inasikia na kusema kwa niaba yangu. Hii ni ya zamani, wameniruhusu kuichukua.

Juu ya kioo kuna taa ndogo. Ikiwa ya kijani, nimo ndani, naona na kusikia. Ikiwa nyekundu, simo, na unaweza kuianikia kanzu. Mtandao ukikatika inageuka nyekundu yenyewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa masikio yako hayaipokei tena simu, na barua ina fadhila moja ambayo mashine zetu bado hazina: haikatiki katikati ya sentensi.

Mpwa wako,
Yusmarni


Payakumbuh, 3 Machi 2023

Mwanangu Marni,

Waalaykum salaam. Mama yako angekuwa hai ningempelekea barua yako aisome: binti aliyeanza na maana ya neno kabla ya kumwamkia mjomba wake. Angesema, "Huyo ni wako, Kaka. Mimi nilimzaa tu."

Sisi hatujambo. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Mpunga wa bondeni umeshika vizuri, na nyati wa Hendrizal amezaa ndama mweupe, watu wanakuja kumtazama kama vile hawajawahi kuona rangi hiyo. Mimi nakula na nalala vizuri.

Mashine imefika. Kuipandisha ngazini kumekuwa kazi ya wanaume wawili, mmoja kashika magurudumu, mwingine shingo. Bi Syamsidar, unamjua binamu ya mama yako, alisimama chini uani akiwaamrisha. Hendrizal alinirudishia kila neno sikioni, kwa kuwa alijua ningetaka kucheka.

"Taratibu nyie! Huyo ni mtoto wa watu!"

"Bibi, hamna mtu humu. Si unaona taa nyekundu?"

"Ndiyo maana nzito hivyo. Mtu akiwa hayumo kwake, lazima aelemee wenziwe."

Sasa sikia tatizo. Ndani ya nyumba kuu hakuna kiti, na hakutakuwa nacho maadamu mimi ni mkuu wa ukoo. Wote tunakaa mkekani, vichwa sawa, kwa sababu shauri la mtu aliyesimama si shauri, ni amri. Mashine yako haikai. Datuk Malano, anayeongoza tawi la pili, aliitazama akasema, "Yaani huyu binti atusimamie vichwani kama mwalimu wa darasa la kwanza? Si afadhali aje na fimbo kabisa!" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Nipatie jibu, wewe uliyesoma.

Nyumba nimeifunga. Ijumaa nafungua madirisha ipate hewa.

Mjomba wako,
Jalinus


Singapuri, 21 Machi 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaamu alaykum, na Ramadhani njema kwako na kwa wote. Natumaini goti limepumzika. Hapa mvua hunyesha kila alasiri saa ileile, kiasi kwamba goti lako lingekosa kazi.

Datuk Malano ana haki, na tatizo linapimika. Shingo ikiteremshwa hadi mwisho, mashine ina kimo cha sentimita mia moja na tano. Mtu mzima akikaa mkekani, kichwa chake kinafika kama sentimita themanini na mbili. Lakini sakafu ya mlango wa jiko iko chini ya sakafu ya ukumbi; nilijikwaa pale nikiwa na miaka sita, na alama iko kwenye kidevu changu mpaka leo. Mwambie Hendrizal apime. Ikiwa tofauti ni sentimita ishirini na tatu au zaidi, niwekeni hapo. Nitakuwa karibu na wanawake, kama inavyonipasa, na sitamzidi mtu kichwa.

Uliuliza katika barua ya mwaka jana, na sikujibu, kazi yangu ni ipi hasa. Nakujibu sasa. Katika ghorofa yetu tuko watafiti kumi na wawili. Kumi na mmoja wako kwingine, Hanoi, Cebu, na miji mingine, na wanahudhuria kwa mashine. Mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuwapo kwa mwili, ili kuzichomeka kwenye umeme, kuzifungulia milango, na kuinua iliyoanguka. Saa sita mchana taa kumi na moja zinageuka nyekundu kwa pamoja, kila mtu anakwenda kula kwao. Nafungua chakula changu katikati yao. Nilipima kwa udadisi: hutumia dakika tisa kula, ilhali zamani kwa Mama nilitumia dakika arobaini.

Nina swali moja. Umesema unalala vizuri, lakini hukusema wapi. Baada ya mkeo kufariki ulihamia kwa Mama. Nyumba ukiifunga, unalala wapi?

Yusmarni


Payakumbuh, 4 Mei 2023

Mwanangu Marni,

Waalaykum salaam. Idi ilipita salama. Waliokuja kutoka Jakarta na Pekanbaru wamesharudi, na barabara imekuwa kimya tena. Bi Syamsidar anakusalimu. Ndama mweupe ameanza kubadilika rangi, watu wameacha kuja.

Shura ilikaa Jumapili, tarehe thelathini Aprili, kama ulivyoona. Mlango wa jiko ulipimwa, sentimita ishirini na sita. Datuk Malano mwenyewe alilala kifudifudi kuthibitisha, kisha akasema, "Haya, sasa ni mwenzetu."

Ukawekewa sahani, kwa kuwa hakuna anayeonja kabla ya kila aliyekaa kupakuliwa. Bi Syamsidar akakusukumia bakuli la rendang, nyama yetu ya nazi na viungo.

"Kula basi, mwanangu. Au huko Singapuri rendang mnaila kwa macho?"

"Nimeshiba kwa harufu, Mama Mdogo."

"Harufu imekufikia? Basi mashine hii ina pua kuliko mume wangu!"

Ulicheka. Sikukusikia, ila niliyaona meno yako.

Baada ya kula, Datuk Malano akaleta hoja. Kwamba nyumba haina mwanamke anayelala ndani yake, na nyumba ya namna hiyo ni paa tu. Kwamba nguzo mbili zimeoza. Kwamba mabinti wa Bi Syamsidar wanahitaji kiwanja wajenge ya matofali, na mbao nzima zitafaa kwa madrasa. Nikatangaza kama ada inavyotaka: aliye na neno aseme, na asiye na neno, kimya chake ni ndiyo. Tulikuwa watu thelathini na mmoja, na wewe ukiwa wa thelathini na mmoja. Hakuna aliyesema. Nikafunga.

Mafundi watakuja tarehe kumi Septemba, mavuno yakiisha. Sahani yako Bi Syamsidar aliifunga kwenye jani la mgomba akaondoka nayo. Hendrizal ameirudisha mashine ukumbini, karibu na soketi.

Nalala mahali pakavu.

Jalinus


Singapuri, 26 Mei 2023

Mjomba,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mzima. Barua yako imenifikia baada ya siku kumi na tisa.

Sikukubali nyumba ya Mama ivunjwe. Naeleza kwa utaratibu.

Kimya si kitu kimoja. Kuna kimya cha mtu aliyesikia, akapima, akaona hana la kuongeza. Hicho ndicho ada inachokihesabu kuwa ndiyo. Na kuna kimya cha waya uliokatika, ambacho si cha mtu yeyote. Mkikihesabu cha pili kana kwamba ni cha kwanza, mtakuwa mmeyaazima mapenzi ya mtu bila kumwomba. Mtandao ulikatika Datuk Malano alipoanza kuzungumza juu ya nguzo. Uso mlioendelea kuuona ulikuwa picha iliyoganda. Kosa hili ni la kawaida sana katika kazi yetu, tumeliandikia ripoti mbili: walio chumbani huona uso umetulia, wakadhani ni utulivu.

Kwa hiyo shura ya tarehe thelathini ilikuwa na watu thelathini tu, na mstari wa Mama haukuwamo. Muafaka haukutimia. Naomba uiitishe upya kabla ya mafundi kuweka ngazi zao ukutani. Wewe ni mkuu wa ukoo, neno lako moja linatosha: waambie sikuwapo.

Hujajibu swali langu. Mahali pakavu ni maelezo ya hali ya paa. Hayajibu nilichouliza.

Yusmarni


Payakumbuh, 15 Julai 2023

Mwanangu Marni,

Waalaykum salaam. Nimechelewa, na sitasingizia posta. Barua hii nimeianza mara tano. Mavuno yameanza. Hendrizal ana kikohozi. Bi Syamsidar amegombana na Datuk Malano juu ya mahali pa kuchimba choo kwenye nyumba ambayo bado haijajengwa, na ugomvi huo umewafurahisha wote wawili.

Nitayasema niliyoyaona. Siku ya shura wenzangu walitumia masikio. Mimi sina masikio, nilitumia macho. Wakati wote Hendrizal akininong'oneza nilikuwa naitazama taa yako, kwa sababu wewe mwenyewe uliniandikia inavyofanya kazi, na hukumwandikia mwingine. Ilikuwa ya kijani Datuk Malano alipoanza. Ilikuwa ya kijani alipotaja nguzo. Ilikuwa ya kijani niliposema kimya ni ndiyo. Iligeuka nyekundu baada ya mimi kufunga, watu wakiwa wameanza kuinuka.

Sijamwambia mtu. Ama ulisahau kwamba mjomba wako anajua habari ya taa, ama ulitaka mtu mmoja ajue. Sikuulizi ni lipi kati ya hayo.

Lakini usidhani nakuhukumu nikiwa msafi. Ada inasema hivi, na wewe unaijua: mwenye nyumba akinyamaza, mkuu wa ukoo amwite kwa jina mara tatu kabla ya kufunga. Sikukuita hata mara moja. Datuk Malano aligeuka kunitazama, akisubiri nikuite, nami nikajifanya kwamba uzee umenisahaulisha. Niliogopa ungeitika. Ungesema hapana, wangekuambia rudi basi ukae, nawe usingekuja, na aibu ingekuwa yako mbele ya wote. Ungesema ndiyo, ningelazimika kuiona ndiyo hiyo midomoni mwa mtoto wa dada yangu, chini ya paa lake.

Kosa hilo peke yake linatosha kuibatilisha shura. Ukiliandika kwa baraza la wazee, itaitishwa upya, na mimi nitavuliwa udatuk, cheo changu cha ukuu, kwa haki kabisa. Au nikisema taa ilikuwa nyekundu, itaitishwa upya vilevile, na hakuna atakayeniuliza, kwa kuwa sijawahi kudanganya nikiwa nimekaa kwenye nafasi ile. Niandikie niseme lipi. Nitasema utakaloniandikia.

Umeuliza ninalala wapi. Nalala surau, msikiti wetu mdogo, kwenye chumba cha wanaume, tangu siku ya saba ya mama yako. Kwa ada yetu mwanamume hana chumba katika nyumba ya mama yake. Alikuwa nacho mama yako, na mimi nilikuwa mgeni wake. Tuko wazee wawili pale. Mwenzangu naye hasikii. Tunaishi kwa amani.

Jambo la mwisho. Ijumaa moja ya mwezi uliopita nilipanda kufungua madirisha. Mashine haikuwa pale tulipoiacha. Ilikuwa imesimama ikikitazama chumba cha mama yako, na taa ilikuwa ya kijani. Nilikohoa. Ikageuka nyekundu papo hapo. Niliketi mkekani kando yake mpaka wakati wa sala, lakini haikurudi kijani tena.

Jalinus


Singapuri, 20 Agosti 2023

Mjomba wangu,

Assalaamu alaykum. Afya yangu ni njema. Msalimie Hendrizal, na mwambie asali ya nyuki pekee haitatibu kikohozi, aende hospitali. Mzee mwenzako wa surau pia nampa salamu, ingawa najua itabidi umwandikie.

Mtandao haukukatika. Niliandika vile kwa sababu ni sentensi ninayoiandika kila wiki kazini, na mkono umeizoea. Nilizima kipaza sauti, nikakaza uso, nikajizuia kupepesa macho kadiri nilivyoweza. Ninafahamu jinsi picha iliyoganda inavyoonekana kuliko mtu yeyote katika chumba kile, kwa hiyo niliweza kuiiga. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nahesabu, niliposikia umefunga nilikuwa nimefika mia nne na kumi.

Kuhusu taa, sikusahau.

Nieleze sababu kama nilivyoahidi Februari. Kutoka hapa hadi kwenu ni safari isiyomaliza siku. Mama alipofariki ningeweza kufika kesho yake asubuhi. Tikiti ilikuwa mkononi. Nilikaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege nikawaza namna kila mwanamke atakavyonishika mikono na kuniuliza, "Umerudi, Marni?" Swali hilo lina majibu mawili tu, na sikuwa na hata moja. Ndege iliondoka. Nilirudi ofisini, nikazichomeka mashine za wenzangu kwenye umeme. Tangu siku ile nimetafuta namna ya kuwa nyumbani bila kuulizwa, na kwa kuwa ndiyo taaluma yangu, niliipata.

Ndiyo, huwa naingia. Kila Jumanne na Ijumaa, mchana, taa za wenzangu zinapogeuka nyekundu. Natoka kwenye soketi hadi nguzo ya nne, nageuka, nakitazama chumba cha Mama. Magurudumu yanalia juu ya ubao ule uliolegea karibu na dirisha la tatu. Kapeti lake la kuswalia bado limekunjwa juu ya kasha. Siwezi kulishika. Siku uliyokohoa nilikuona, nikaogopa kama mtoto aliyekutwa jikoni. Niligeuza taa nyekundu lakini sikuondoka mezani. Nilijua umeketi, nami niliketi.

Umenipa njia mbili za kuiokoa nyumba, na nimezipima zote. Ya kwanza inataka mtu aliyesimama na Mama mpaka mwisho avuliwe heshima yake kwa sababu ya mtu ambaye hakusimama naye. Ya pili inataka useme uongo kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye nafasi ile, ili kuficha uongo wangu. Na zote mbili zikifaulu, shura itakaa upya, utaniita kwa jina mara tatu, nami nitakuwa mlangoni pa jiko, kichwa sawa na vya wenzangu, nikiwa bado sina jibu. Nyumba haikosi muafaka. Inakosa mtu wa kulala ndani yake, na mtu huyo si mimi. Nimeiandika sentensi hii mara moja tu na sitaisoma tena.

Kwa hiyo waambie taa ilikuwa ya kijani, wakiuliza. Kuhusu kutoniita, mwenye haki ya kulalamika ni mimi, nami silalamiki. Mabinti wa Bi Syamsidar wajenge. Nguzo nzima ziende madrasa. Kapeti la Mama naomba ulichukue wewe uende nalo surau. Sakafu ya pale ni ya saruji, na goti lako unalijua. Mashine mpe Hendrizal, aitumie atakavyo. Nimeshaandika ofisini kwamba imeharibika.

Limebaki jambo moja ambalo nimelirudia kila siku tangu barua yako ifike, na silioni mwisho wake. Kwa miaka kumi na minne, watu wa kijijini wakisema "Marni hayupo," wamekuwa wakimaanisha mahali fulani: mkeka ambao sijaukalia, sahani ambayo sijaigusa, chumba ambacho mlango wake umefungwa. Sikuwa mahali pengine popote duniani kwa uhakika kama nilivyokuwa sipo pale. Kuanzia tarehe kumi Septemba mbao zitapangwa uani na ardhi itasawazishwa kwa ajili ya matofali. Wewe uko surau, ambako mimi siruhusiwi kulala. Basi nieleze, Mjomba, kwa kuwa vitabu vyangu havisemi: nyumba ikishaondoka, mimi nitakuwa nakosekana wapi?

Yusmarni